Dakika ya Kumi na Tisa

Jumapili ya tatu ya Februari, saa kumi alasiri, Anselm Rwechungura alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi sebuleni kwake, Lewisham. Televisheni ilikuwa inaonyesha filamu ya zamani ya Wazungu waliokwenda Afrika kutafuta chanzo cha mto. Mpagazi mmoja akatoka kwenye kioo na sanduku kichwani, akapiga hodi akiwa ameshaingia, akauliza mzigo auweke wapi. Anselm alimwonyesha mahali pa siku zote, karibu na kipasha joto. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu alikuwa anakuja na kazi yake mwenyewe kichwani.

Jina lake Gires, na aliyempa jina hilo ni Anselm. Kabla hajaja Uingereza kusukuma vitanda vya wagonjwa, Anselm alikuwa mtafsiri wa filamu kwenye banda la video, Manzese. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akapunguza sauti ya Wazungu, akatia yake. Wenye maneno aliwafasiria, akizidisha hapa na kupunguza pale. Wasio na maneno, yaani wapagazi na wapishi na akina mama wa kuni, aliwatungia ya kusema, na kwa kuwa si vizuri mtu kusema bila kujulikana, akawapa na majina. Huyu alimwita kwa jina la Mkongo aliyeuza vitenge jirani na banda.

Kwenye filamu, Gires hufa dakika ya ishirini na mbili kwa mkuki, na msafara unaendelea bila hata mmoja kugeuka. Lakini Manzese, mkuki ukishampata, Anselm alikuwa anauliza, "Huyu ni Gires, baba wa watoto wanne. Amekufa?" Kisha ananyamaza. Banda zima linaitikia, "Hajafa!" Ndipo wanaendelea, roho zimetulia.

"Siku hizi kila mtu anatazama kwenye simu yake, peke yake," Gires alisema huku akipuliza chai. "Hakuna wa kuitikia. Jana nimekufa mara kumi na moja. Moja ilikuwa Norwei."

"Pole, ndugu yangu."

"Nimeshapoa. Mimi nina nafuu. Jina ndilo linanitoa kila Jumapili, na lile itikio la Manzese ndilo linanifanya nifike hapa nikiwa mzima. Wenzangu ambao hawakupita Manzese hawana jina wala itikio. Wapo kule nyuma ya nyumba zinazoungua, wanangoja zamu zao."

Jacqueline, binti yake Anselm, aliingia wakati huo huo na habari. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amemaliza chuo cha maigizo, na kwa miaka miwili hakuigiza popote ila mbele ya wateja wa mgahawa. Kiswahili alikielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza, isipokuwa salamu, maana hapo mama yake asingemvumilia. Alimwamkia Gires shikamoo, kisha akawaambia kwamba amepata filamu.

Ilitokana na riwaya iliyokuwa inasomwa na nusu ya abiria wa treni za asubuhi. Daktari wa Kiingereza anaachwa na mumewe, anakwenda Afrika, na huko moyo wake unafunguka tena. Unafunguliwa na mwanamke wa kijijini anayefia mikononi mwake. Jacqueline ndiye huyo mwanamke. Kwenye karatasi zake aliitwa Mwanamke wa Tatu.

"Dakika ya ngapi?" Gires aliuliza.

Jacqueline alihesabu kurasa kwa kidole, akasema ni ya kumi na tisa. Gires aliinamia kikombe chake. Baadaye alisema msafara unamngoja, akajitwika sanduku na kurudi kwenye kioo.

Tangu siku hiyo Anselm alikuwa na hofu. Hakumwogopea Jacqueline atakayerudi nyumbani na treni jioni. Alimwogopea yule atakayebaki kule, mwenye sura ya mwanawe, atakayekufa tena na tena mbele ya watu wasiomjua, wanaotafuna bisi. Alimweleza mkewe, Placida, ambaye alikuwa amerudi kazini kwenye nyumba ya wazee na miguu imemvimba.

"Baba Jacqueline, mtoto amepata kazi. Tumshukuru Mungu," Placida alisema. Alifikiri kidogo. "Basi aombe wampe jina."

Jacqueline aliomba. Mwongozaji, mama mpole sana, alisema wazo ni zuri, ila mhusika akiwa na jina watazamaji watakaa wakingoja arudi, na harudi.

"Dad, nikikataa watamchukua mwingine," Jacqueline alisema mezani.

"Wamchukue," Anselm alijibu.

Ilikuwa Jumapili, na Gires alikuwa kwenye sofa. Naye alikuwa mtoto wa mtu. Anselm aliona aibu hadi masikio yakamwaka, lakini neno likishatoka halirudi.

Filamu ilipigwa mwezi wa tano, kwenye msitu wa Essex, baada ya malori kumwaga udongo mwekundu. Jacqueline alikufa kuanzia Jumanne hadi Alhamisi, kamera zikimtazama kutoka pande tatu, akarudi nyumbani na mafua kidogo. Anselm aliendelea kusukuma vitanda. Kila akifika nyumbani alimwita mwanawe kutoka mlangoni, na asipoitikiwa upesi, alipanda ngazi na viatu.

Novemba filamu ikatoka, na Jumamosi mchana wakaenda kuitazama watatu, Jacqueline katikati. Anselm alikuwa ameshakata shauri. Wenye filamu wamekataa kutoa jina, basi atalitoa yeye, kama alivyotoa mengine. Ukumbi ulikuwa na watu kama mia mbili, wengi kuliko alivyowahi kuwapata Manzese.

Dakika ya kumi na tisa, mwanawe alilala kwenye mkeka, macho wazi. Daktari alilia, na muziki ukaanza, wa kumliwaza daktari. Anselm alisimama. Sauti yake haikuwa imeshika kutu.

"Huyu ni Jacqueline, binti wa Placida, mjukuu wa Kokubanza. Amekufa?"

Akanyamaza, kama kazi ilivyomfundisha. Mtafsiri hajijibu mwenyewe. Anayejibu ni banda.

Watu mia mbili walikaa kimya. Placida alifungua mdomo, haya ikamziba. Jacqueline alitazama viatu vyake. Safu tatu nyuma alikaa Mkenya aitwaye Njoroge, aliyekuja na mchumba wake. Alifurahi kusikia Kiswahili mahali kama pale, na kwa kuwa alilelewa kutomwacha mtu mzima bila jibu, aliitikia vizuri tu.

"Amekufa, mzee. Kaa chini tutazame."

Anselm akakaa.

Kesho yake saa kumi, televisheni ikiwa imezimwa, akaja yule mwenye sura ya Jacqueline. Alitoka kwenye kioo akiwa na kanga ya filamu, akapiga hatua mbili, akalala kwenye zulia, amekufa, macho wazi. Gires aliisogeza miguu yake kumpisha.

"Jina limemtoa," alisema. "Na amefika kama alivyoitikiwa."

Anselm alipiga magoti, akasema hajafa. Placida alisema pia, sasa kwa sauti, bila haya yoyote, na Gires akasema mara tatu. Wote watatu walijua kuwa banda limeshajibu.

"Atakaa hivi mpaka lini?" Placida aliuliza.

"Filamu ikiisha, ataondoka. Ikianza, ataitwa tena."

Jacqueline alishuka ngazi, akajitazama pale chini. Alirudi chumbani, akaleta blanketi, akamfunika mwenzake hadi mabegani kwa sababu sakafu ilikuwa baridi. Ndipo simu yake ikaita. Alikuwa wakala wake. Kulikuwa na filamu nyingine, ya riwaya nyingine, nchi nyingine ya Afrika, msitu ule ule. Mwongozaji wa filamu hiyo alikuwa ameona alivyokufa, akasema hajapata kuona mtu anayekufa vizuri vile, akataka waonane wiki hiyo.

Jacqueline alisogea dirishani ili asiwasumbue, akasikiliza. Alimtazama baba yake, aliyekuwa bado amepiga magoti, ameushika mkono uliochungulia nje ya blanketi. Kisha akasema Jumanne itamfaa.