Mpishe Mwenye Bakuli

Tangu tumzike mwanangu Nahumu, chumba chake kimefungwa. Kwa ukoo wetu mlango wa marehemu haufunguliwi mpaka wazee wakae, na ufunguo anao shemeji yangu Valeriani kule Kichiwa. Katika pilikapilika za msiba hakuna aliyekumbuka kuzima kompyuta yake ya gemu. Umeme ukikatika inanyamaza; ukirudi inajiwasha yenyewe, na feni yake inavuma nyuma ya mlango kama mtu anayepuliza uji. Kila asubuhi nikipita na ufagio huwa nausalimia ule mlango: "Kamwene, mwanangu." Sijamwambia mtu.

Jumamosi ile mjukuu wangu Erica, binti wa Nahumu, alikuwa na mechi ya mpira wa kwenye kompyuta. Akishinda, anaingia timu ya mkoa. Baba yake ndiye aliyemfundisha. Lakini wiki nzima gemu ilikuwa inaganda: anapiga mpira, unasimama hewani, na ukija kutembea kipa wa wenzake ameshaudaka. Akamwita Clemens, fundi wa intaneti wa hapa Lyamkena. Alivua viatu vyenye tope bila kuambiwa, na alipouona mlango uliofungwa akashusha sauti.

Aliichunguza ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti, kupitia simu yake, akakuta jina la Nahumu, kisha akauliza polepole ni nani. Erica akamjibu kabla yangu. Clemens akatueleza. Kompyuta ya Nahumu ndiyo iliyopewa nafasi ya kwanza kwenye ruta; aliipanga mwenyewe zamani. Sasa inatuma video za mechi alizorekodi akicheza na binti yake, zikahifadhiwe mbali, kwenye mtandao. Umeme ukikatika inaanza upya. Ndiyo iliyojaza njia.

Erica aliangalia chini. "Unaweza kuifungia nje?"

"Naweza."

Nilihisi tunamfukuza mtu nyumbani kwake. Nikamuuliza Clemens kama hakuna namna nyingine.

"Ipo, Bibi. Pale mashine ya kusaga, akija mtu na bakuli la mahindi, na mbele yake yupo mwenye magunia, mnafanyaje?"

"Anapishwa."

"Basi gemu ya Erica ni bakuli. Haina mzigo, ila haiwezi kusubiri. Tuipitishe mbele, na magunia ya baba yataendelea taratibu nyuma yake."

Nahumu alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa akiwapisha wenye mabakuli wote, akirudi nyumbani jioni mweupe kwa unga.

Nikaenda mlangoni, nikaweka kiganja. "Nahumu, mpishe mwanao."

Mvumo wa feni ukashuka, ukashuka, ukabaki kama pumzi ya mtu aliyelala. Nikageuka kumshukuru Clemens. Kidole chake kilikuwa bado juu ya simu.

"Bado sijabonyeza, Bibi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Akabonyeza.

Mechi ilipoanza, mpira ulikimbia. Bila kuondoa macho kwenye skrini, Erica akasogea mwisho wa kochi, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande aliozoea kukaa baba yake. Clemens aliitazama ile nafasi, akaenda kukaa kwenye mkeka.

Bao la ushindi lilipoingia, Erica hakupiga kelele. Alikunja ngumi, akainyoosha pembeni kama walivyozoea kugonganisha na baba yake, akaiacha hapo kidogo kabla ya kuishusha.