Mikate ya Vikombe

Maua binti Shaaban alipofika Kiruruma, milimani kwa Wanyambo, kitu cha kwanza kumshangaza kilikuwa baridi. Asubuhi alitoka uani akiwa amejitanda kanga mbili, na bado meno yaligongana. Cha pili kilikuwa ukimya. Kwao Pangani wanawake walisemezana kutoka ua hadi ua tangu alfajiri, lakini hapa alikaa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila mwanamke kuvuka kizingiti chake.

Si kwamba watu hawakuja. Mumewe, Abdulrahim, alikuwa na duka la chumvi, shanga na kaniki kando ya njia iendayo Rugu, na barazani hapakukosa watu. Ila waliokuja ni wanaume. Wanawake wa Kinyambo walipita na mizigo yao ya ndizi, wakamtupia jicho, wakamwamkia kwa heshima, wakaendelea na safari.

"Watakuzoea," Abdulrahim alimwambia.

"Watanizoeaje na hawakai?"

Basi Idi ilipokaribia, Maua akaamua kuwaendea kwa njia aliyoijua. Mama yake alikuwa fundi wa mikate midogo inayookwa ndani ya vikombe, mmojammoja, ile ambayo siku hizi tungeiita vikeki. Maua aliijua tangu utotoni: unga wa ngano, sukari, iliki, samli, na mayai yaliyopigwa mpaka yakafura povu. Unga ulikuwa umebebwa kichwani siku tano kutoka Bukoba, nao ulikuwa mchache. Maua aliutumia wote. Alioka katika vikombe vyake vya kahawa, ndani ya chungu kikubwa chenye makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Viwili vilipasuka kwa moto, hakujali. Mikate ikaumuka, ikapasuka vichwani, ikanukia mpaka njiani. Akaifunga katika majani ya mgomba na kuipeleka nyumba saba.

Kesho yake shukrani zikaanza kumiminika dukani. Fulani alisema hajapata kula kitu kama kile. Mwingine akauliza kama Idi nyingine iko mbali.

"Na mkeo, aliupenda?" Maua aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

Yule mtu akakohoa, akaanza kuulizia bei ya chumvi.

Maua akamwuliza wa pili, na wa tatu. Wote walitazama pembeni. Siku hiyo alifagia ua mara mbili bila sababu. Moyoni alijua kwamba wake zao hawakuonja hata kidogo, na hakuelewa amewakosea nini.

Jibu alilipata kwa sababu ya vile vikombe vilivyopasuka. Juu kidogo ya duka aliishi mfinyanzi, mwanamke wa makamo aitwaye Kokushubira, mwenye mikono mikubwa na mwepesi wa kucheka. Maua alimwendea na kikombe kimoja kizima mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi, lakini kilitosha. Akakigeuza kile kikombe. "Hiki anywee nani? Ndege?"

"Si cha kunywea, mama. Cha kuokea mkate. Nataka vya udongo, ishirini, visivyopasuka."

Kokushubira akakiweka kikombe chini polepole. "Ile mikate ya Idi," alisema. "Mume wangu alikula mitatu. Mimi nilikaa nje, nikanusa."

"Kwa nini hukula, mama?"

"Ina yai. Sisi wanawake hatuli yai. Wala kuku. Tangu mama zetu." Alisema bila uchungu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Tulipokea kwa sababu wewe ni mtu mwema. Lakini kula, hapana."

Maua aliona haya, kisha akaona nafuu, na nafuu ile ikamjia kwa nguvu hata akacheka na machozi yakamlenga. Kumbe hawakumchukia. Kumbe lilikuwa yai tu!

"Nikikupikia usio na yai, utakula?"

"Nitakula hata miwili," alisema Kokushubira. "Lakini nitakuja nikae nitazame mwanzo mpaka mwisho. Wenzangu wataniuliza."

Kusema kulikuwa rahisi. Unga wa ngano ulikuwa umekwisha, na bila yai mkate hauna cha kuunyanyua. Maua akajaribu unga wa mtama na maji na sukari. Ukatoka bapa, mgumu kama kigae. Akajaribu kuongeza samli. Ukatoka bapa wenye mafuta. Abdulrahim, aliyekuwa mtu wa kula chochote anachowekewa, aliutafuna huo wa pili kwa muda mrefu, akaumeza, akanywa maji.

"Mke wangu, usikasirike."

"Sema tu."

"Huu ungefaa kujengea ukuta."

Vikombe vya udongo vilipokuwa tayari, Kokushubira alivileta mwenyewe, na pamoja navyo mkungu wa ndizi zilizoivishwa shimoni, zile tamu ambazo wenyeji huzikamua kutengenezea pombe. Akakaa jikoni kama alivyoahidi, miguu kaikunja pembeni. Maua akaziponda zile ndizi, akachanganya na unga wa mtama na asali. Akanyoosha mkono kuchukua kibuyu cha maziwa, na Kokushubira akamshika kifundo cha mkono.

"Maziwa hayapikwi, mwanangu. Ng'ombe wataumia."

"Na maji?"

"Maji hayana mwenyewe. Tia."

Akatia maji. Lakini kabla makaa hayajashika, mvua ikashuka, na jiko lilikuwa uani chini ya kibanda kinachovuja. Wakakimbilia ndani na bakuli. Mvua haikuacha. Kokushubira akajifunika majani ya mgomba, akarudi kwake kuanua vyungu vyake. Maua akalifunika bakuli kwa kitambaa, akaliacha pembeni mwa mafiga ya ndani, penye joto.

Asubuhi alilifunua akidhani atamwaga. Uji ule mzito ulikuwa umepanda hadi ukingoni, umejaa vitundu, na ulipoguswa ulipumua kama kitu kilicho hai. Ulinukia ndizi na uchachu kidogo. Maua alisimama akiutazama. Kwao walichachusha vitumbua kwa tembo la mnazi. Hapakuwa na mnazi hapa, lakini zile ndizi zilikuwa zimeifanya kazi ile ile zenyewe.

Hakungoja Kokushubira aje mwenyewe. Akapanda mlima na kumkuta Kokushubira anakanda udongo.

"Mama, twende ukaone. Twende na mikono yako hivyo hivyo."

Walivipaka vikombe samli, wakamimina nusu nusu, wakapanga chunguni na kupalia makaa. Kisha wakangoja. Kokushubira alikuwa wa kwanza kunyanyua kifuniko, mapema mno, na Maua akampiga mkono kama anavyopigwa dada. Waliponyanyua mara ya pili, mikate ilikuwa imevimba juu ya midomo ya vikombe, ya rangi ya hudhurungi, imepasuka katikati.

Kokushubira akaunyofoa mmoja, akaupuliza, akauma. Alitafuna huku ametazama chini.

"Ndizi hii naijua tangu nizaliwe," alisema mwishowe. "Sikujua kwamba inaweza kuwa hivi." Akachukua wa pili, kama alivyosema.

Mtihani wenyewe ulibaki. Kokushubira alikuwa na mama mkwe, Nyamwihura, bibi aliyeheshimiwa na wanawake wote wa kilima kile. Asichokula yeye, hakuna aliyekula. Wakampelekea mikate ikiwa moto. Bibi akaushika mmoja, akaugeuza, akaunusa, akauliza neno moja kwa Kinyambo. Maua alilielewa bila kutafsiriwa.

"Hakuna yai," Kokushubira akajibu, akarudia kwa Kiswahili ili Maua asikie. "Nilikaa jikoni. Ndizi yetu, mtama wetu, asali, samli na maji. Kuku wake walikuwa nje, hata hawakuchungulia."

Bibi akaumega kipande kidogo. Wanawake watano au sita waliokuwa wakimenya ndizi uani walisimamisha visu. Akala. Akaumaliza, akapangusa vidole, akanyoosha mkono kuomba mwingine, na ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Mikate ikaisha kabla Maua hajakaa vizuri. Mtu akampa kigoda. Mwingine akamwekea kisu na fungu la ndizi za kumenya, na hapo ndipo alipojua kwamba amepokelewa.

Tangu hapo jiko la Maua halikukaa kimya. Wanawake walikuja na vitu mikononi na maswali mdomoni. Huyu alileta unga wa ulezi, huyu karanga, huyu boga. Kokushubira akaleta buni zilizokaushwa, zile za kutafuna ambazo wageni hupewa wakikaribishwa, na wakazikaanga, wakazitwanga na kuzitia. Mkate wa kwanza wa kahawa ulikuwa mchungu, wakautema wote. Walipoongeza asali maradufu, ukawa ndio unaogombewa. Wa maharage haukumpendeza mtu yeyote isipokuwa Abdulrahim, aliyeula kimyakimya siku tatu mfululizo.

Msimu wa kiangazi wakaanza kuuza gulioni Rugu, Maua na Kokushubira kwenye mkeka mmoja: vyungu upande huu, mikate upande ule. Shida ikawa moja tu. Mnunuzi alikula mkate, akakipenda kikombe, akaondoka nacho.

"Wanakwenda na vikombe vyako, mama!" Maua alilalamika.

"Waache waende navyo," Kokushubira alisema, mikono imejaa udongo. "Sasa watu wa mbali wananijua."

Na kweli, siku moja ya gulio akatokea mwanamke aliyetembea kutoka Songambele, amelala njiani usiku mmoja, mtoto mgongoni. Akatoa kikombe kidogo ndani ya nguo yake. Shangazi yake ndiye aliyemletea, alisema, na mkate ndani, mkavu kwa safari, naye aliula hadi chembe ya mwisho. Alitaka kuula ukiwa moto.

Mkekani palikuwa pamebaki majani matupu. Maua alimtazama yule mwanamke, miguu yake yenye vumbi mpaka magotini, akasogea kumpisha.

"Kaa hapa, dada, mteremshe mtoto," alimwambia. "Mingine iko motoni, hapo nyuma yetu. Unataka wa asali, au wa kahawa?"

Yule mwanamke akakaa, akafikiri.

"Yote miwili," alisema.