Gramu Tano Chini ya Sifuri

Saa tatu asubuhi, katika wodi ya vichanga, muuguzi aliyepachikwa jina la Mama Mizani alimvua nepi mtoto wa kitanda cha nne. Mkojo wa vichanga hupimwa hivyo: unapima nepi iliyolowa, unatoa uzito wa nepi kavu. Hii ilikuwa imelowa chepechepe. Alipoiweka, mizani ikasoma gramu tano chini ya sifuri, kisha nepi ikainuka taratibu mpaka darini, ikatulia karibu na feni.

"Hii ya nne mwezi huu," alimwambia mama wa mtoto, fundi cherehani aliyejifungua jana. "Mtoto akichelewa kulia, figo nazo zinaumia. Nepi inapaa leo, kipimo cha damu kinakuja kukiri keshokutwa."

Fundi alitazama juu. Mwanawe alizaliwa kimya na hakuwa amefumbua jicho bado. Sasa kitu chake kilikuwa juu ya vichwa vya watu wote, cheupe, matone yake yakipanda badala ya kudondoka. Machozi yakamtoka kwa fahari na kwa hofu, na hakuyafuta.

"Anasema," alinong'ona. "Ana siku moja tu, na anasema."

Daktari wa zamu aliingia na karatasi ya maabara. "Damu iko sawa. Sindano ya kuzuia maambukizi iendelee."

"Daktari, damu ya siku ya kwanza bado inaeleza habari za mama yake. Hiyo sindano ni kali kwa figo, na kabatini tuna nyingine. Dalili ya mvua ni mawingu," alisema Mama Mizani.

"Mawingu hayana kisanduku kwenye fomu, dada. Nepi ina gramu ngapi?"

"Tano, chini ya sifuri."

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alipitisha kalamu kwenye fomu kutoka juu mpaka chini. Visanduku vilianzia sifuri.

"Basi andika sifuri. Kichanga kutokojoa siku ya kwanza si ajabu."

Sindano ikachomwa siku hiyo, na kesho yake. Nepi za mtoto zilizopaa zikafika sita. Mfagiaji aliziteremsha kwa ufagio kila alipomaliza sakafu, naye alilalamikia shingo tu.

Siku ya tatu damu ikakiri. Sindano ikasimamishwa. Mtoto alifumbua macho yote mawili, akalia kama mwenye nyumba, na mama yake akacheka mpaka akakaa chini. Figo za mtoto, aliambiwa, zitakuwa za kuangaliwa maisha yake yote.

"Laiti tungejua mapema," alisema daktari, akisikitika kweli, nepi ya sita ikiwa juu ya kichwa chake.

Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, fundi aliombwa ashone wavu wa kuzuia nepi zisiingie kwenye feni. Aliushona kwa mishono miwili miwili, kwa mkono, mtoto akiwa mapajani.

Wiki iliyofuata nepi ya kitanda cha pili ilipaa, ikatua wavuni vizuri kabisa. Mama Mizani aliitazama kwa muda. Kisha akachukua kalamu, akaandika sifuri.