Sabato Niliyowasha Moto

Moshi ule ulikuwa wangu. Nasema mapema ili mtu asijisumbue kuuliza. Mwaka wa sabini na mbili, siku ya Sabato, saa nne asubuhi, waumini wameketi kwenye mabenchi, moshi ulitoka jikoni kwangu ukapanda juu ya migomba, na kanisa zima, pale ng'ambo ya kijito, likauona. Kwetu Kebirigo, Msabato hapiki siku hiyo. Chakula hupikwa Ijumaa kabla jua halijatua, kikafunikwa, kikaliwa kesho yake. Nilijua hayo tangu nikibebwa mgongoni. Niliwasha moto makusudi, na mpaka leo sijuti hata kidogo.

Lakini wacha nianze na kufunga.

Zamani nilikuwa mtu wa kula na mtu wa kupika. Chinsaga zangu, zile mboga chungu tunazochemsha kwa maziwa mpaka zilainike, zilimfanya shemeji yangu alambe sufuria mbele ya wageni. Mwili nao ulikuwapo, sikatai. Mwaka wa sabini kwaya ya akina mama ilishona sare mpya, na kitambaa changu hakikutosha. Fundi akatangaza mbele ya watu, "Huyu itabidi tumwongezee pazia!" Walicheka mbavu hawana. Na mimi nilicheka nao, kisha nikaenda nyumbani nikalia.

Mwezi huohuo kanisa likaitisha maombi ya kufunga siku tatu. Siku ya nne wenzangu walifungua kwa uji; mimi nikaendelea. Mzee wa kanisa, Nyasani, akanisimamisha mbele: "Mnamwona dada Tryphosa? Huyu mwili wake unamtii." Lo, nilivimba kichwa! Nikaanza kufunga kila Jumanne. Kisha Jumanne na Alhamisi. Baadaye nikaacha hata kuhesabu siku. Watu wakawa wanakuja niwafungie: huyu kijana wake hajapata kazi, yule ng'ombe wake hashiki mimba. Sasa nani angethubutu kuniambia nile? Ati mimi mtakatifu, na huku mume wangu akigeuka tonge namtupia mbwa, na kila asubuhi nazungusha vidole kwenye kifundo cha mkono nione vimepitana kiasi gani.

Mume wangu Mogire alikuwa mwashi kule Kericho, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi.

"Leo unafungia nini tena?" aliniuliza siku moja.

"Kazi yako."

"Kazi si ninayo?"

Nilimnunia mpaka akaondoka.

Yeye na binti yetu Gesare niliwapikia kama kawaida, ila sikuonja. Kwetu mpishi huonja kwa kiganja: unadondosha mchuzi kidogo katikati ya kiganja, unalamba, unajua chumvi imekaaje. Kwa miaka miwili kiganja changu hakikupata hata tone. Chakula changu kikawa leo chumvi tupu, kesho maji matupu, na wao wakala bila neno. Nywele zikakatika. Baridi ikanikaa mwilini hata jua likiwaka. Damu ya mwezi ikakoma. Halafu siku moja nikaanguka katikati ya majani chai, kikapu kikiwa bado mgongoni.

Nilipelekwa zahanati. Nesi alikuwa Akong'o, mwanamke wa kule ziwani. Hakujua Kigusii na mimi sikujua Kijaluo, kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili.

"Mama, unaumwa nini?"

"Siumwi, sista. Nimefunga."

"Haya. Na unafungua saa ngapi?"

Nikaanza kukunja pindo la shuka.

"Nakuuliza wewe. Mtu akifunga ana saa yake ya kufungua. Yako ni lini? Jioni? Jumapili? Ama tukishakuzika?"

Nilikasirika! Ningemrukia kama ningekuwa na nguvu. Alinipa uji, nikageuza uso ukutani. Hakunibembeleza. Alisema huko si kufunga tena, ni ugonjwa, na amewahi kuuona kwa msichana wa shule aliyeuficha hivyohivyo.

"Nenda nyumbani upike," akaniambia. "Usianze na sahani, sahani itakutisha. Anza na kiganja."

Nilianza kwa hasira, nimwonyeshe kwamba hajui kitu. Tone la uji wa wimbi kiganjani, nalamba, basi. Wiki mbili ilikuwa tone tu. Siku ya kijiko cha kwanza nililia kama mfiwa. Kuna siku nilikula vijiko vitano, na kesho yake sikugusa kitu. Na hakuna aliyenipigia makofi, usidhani. Ukiacha kula watakusifu kanisani. Ukianza kula watakuuliza mbona umerudi nyuma.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, kijiko mbele, kijiko nyuma, Nyasani alipokuja na Biblia kwapani. Kanisa lilikuwa limeezekwa kwa nyasi, nalo lilitaka mabati. Tutafunga siku saba, akasema, kuanzia Ijumaa jua likitua, na wewe utatutangulia.

"Wengine watafungua kila jioni," akasema. "Wewe tunajua utafika zote saba. Jina lako limeshasomwa."

Nilitaka kukataa. Mdomo ukasema, "Amina, mzee." Na nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: moyoni nilifurahi. Ule utamu wa kusimamishwa mbele ya watu ulikuwa haujanitoka.

Ijumaa ile sikupika chakula cha Sabato. Mogire alikuwa Kericho, mimi nafunga, nipikie nani? Nilimchemshia Gesare viazi viwili tu, jua likielekea kutua nikamsogezea sahani. Alikuwa na miaka minane. Akaisukuma.

"Kula."

"Sili. Nimefunga."

"Nani amekuambia ufunge?"

"Hakuna. Nataka kuwa kama wewe." Akainua mkono wake mdogo, akazungusha vidole kwenye kifundo. "Ona, mama. Vimeshapitana."

Miaka miwili nilidhani hakuna anayeniona nikifanya vile. Nilimwomba ale, nikamtisha, nikamwahidi sukari. Ng'o! Asubuhi viazi vilikuwa palepale vimekauka, na mtoto amekaa kitandani, midomo imepauka.

"Nitakula ukila," akasema. "Ule kabisa. Si kulamba mkono."

Yule mtoto ananijua, jamani. Kengele ya kanisa ikalia. Nyumba nzima haikuwa na chakula kilichopikwa zaidi ya vile viazi, na mimi mwenyewe nilijua kiazi baridi hakitanipita kooni. Nikamuuliza anataka nini.

"Obokima. Na chinsaga zile zako za zamani."

Obokima ni ugali wa wimbi, na wimbi halikuwa limesagwa. Basi nikasema kama ni dhambi, niifanye yote. Nilikoka moto. Nikapiga magoti kwenye jiwe nikasaga wimbi, jasho likinidondoka puani. Gesare akachuma chinsaga nyuma ya nyumba. Nikazichemsha, nikamwaga maji machungu, nikamimina maziwa, nikaziacha zitokote. Kule ng'ambo walikuwa wakiimba. Nikajikuta nafuatisha sauti ya pili, mwiko mkononi.

Maziwa yalipoanza kuwa mazito nikadondosha mchuzi kiganjani. Nikalamba. Kwanza uchungu, kisha utamu wa maziwa, kisha nikajua: chumvi haikutosha. Nilijua! Miaka miwili sijajua kitu kama hicho. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, nikatia chumvi, na tumbo langu likanguruma hata Gesare akalisikia.

Ndipo Nyasani akafika mlangoni na akina mama wawili wa kwaya.

"Dada Tryphosa, moshi ule ni wa nini?"

"Wa kupika, mzee."

"Leo ni Sabato!"

"Siku naijua."

"Kanisa zima linakungoja. Si umefunga kwa ajili yetu?"

"Nimefungua."

Akatazama sufuria, akanitazama mimi. "Na mabati je?"

"Mbavu zangu si mabati, mzee."

Mama mmoja akaziba mdomo kwa leso. Nyasani akaanza kunihubiria, nami nikamkata kauli, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mzee yeyote. "Mwezi wa sita ng'ombe wako alikwama na ndama siku ya Sabato. Ulikunja shati ukavuta, na sisi tukakushangilia. Leo aliyekwama ni mwanangu. Mimi navuta."

"Jina lako litafutwa kitabuni."

"Lifuteni. Lakini kaeni kwanza, chakula ki moto."

Hawakukaa. Yule mama wa leso aligeuka mara mbili kunusa, nilimwona. Na jina lilifutwa kweli, mwaka mzima, kwaya sikuimba. Mimi huyu hapa.

Walipotoka nilipakua obokima kwenye ekee, kile kikapu chetu cha ugali, nikakiweka katikati. Gesare hakugusa. Alinikazia macho tu. Nikamega tonge, nikalibonyeza kwa dole gumba, nikachota mboga, nikatia mdomoni. Niliogopa, sitaki kudanganya. Niliogopa kuliko nilivyomwogopa Nyasani na kitabu chake. Nikatafuna. Nikameza. Nikafungua mdomo aone.

Ndipo akanyoosha kiganja. Nikamdondoshea mchuzi. Akalamba, akakunja uso.

"Mama, chumvi imezidi."

"Utakula hivyohivyo," nikamwambia. Akamega tonge, nami nikamega langu la pili, kubwa kuliko lake.