Njia ya Mikumi Inapita Sebuleni

Jumamosi asubuhi Ditram, fundi mitandao wa kampuni moja ndogo hapo Kilosa, alikuwa akipanga njia kwenye ruta, kile kifaa cha kuelekeza mtandao, huku akitafuna kitumbua, akamwona dirishani Hildegarda akipanda basi la Mikumi. Alikuwa mchumba wake huyo. Sasa ni wa Evarist, fundi wa mnara wa simu wa Mikumi, mwanamume wa kuchekacheka hovyo. Wivu ulimpanda Ditram mpaka kitumbua kikamkwama.

Akaifuta njia ya Masanze kwenye ruta. Basi lilipofika Masanze likakosa barabara, likageuza. Kondakta akatangaza kwamba leo wanazungukia Chanzuru, na abiria wakahamia upande wenye kivuli.

Fundi mzima, jamani, alisahau jambo analolijua hata mwanafunzi: itifaki, ile kanuni inayoongoza mtandao, ukiinyima njia moja, yenyewe hutafuta nyingine. Hildegarda alifika, kachelewa tu. Ditram aliiona picha yake na Evarist kwenye simu, wanakunywa soda, roho ikamchoma. Jumamosi iliyofuata akaifuta Chanzuru. Basi likapandia Malolo. Jumamosi ya tatu, akiwa nyumbani, akaifuta na Malolo.

Ikabaki njia moja, ile ya majaribio aliyoivuta hadi kwao ili afanyie kazi kwenye kochi.

"Hodi humu!"

Kondakta alisimama mlangoni, abiria nyuma yake na vitunguu vyao. Mama Perpetua, mama yake Ditram, aliwaambia wavue viatu. Walipita sebuleni, wakakata kushoto jikoni, wakafungua mlango wa uani, wakatokea stendi ya Mikumi.

"Shikamoo, mama," alisema Hildegarda.

"Marahaba, mwanangu. Chukua ndizi hizi, umpelekee mwenzio."

Hildegarda akamgeukia Ditram. "Turudishie barabara zetu. Hata ukizifuta zote, kwako sirudi."

"Kuna hitilafu," alisema Ditram. "Inashughulikiwa."

Mstari mmoja tu wa amri kwenye ruta ungezirudisha. Hakuuandika. Watu wa Masanze waliokuwa na mgonjwa wa kumpeleka Mikumi walimpitisha sebuleni kwa machela, wakaomba radhi kwa usumbufu.

Siku hizi kila Jumamosi Ditram huvaa shati lililopigwa pasi, akamfungulia Hildegarda mlango wa uani. Ng'ambo, Evarist humpokea mkoba, akacheka, akasema, "Asante sana, kaka." Ditram hufunga mlango, akakaa kumsubiri arudi Jumapili.