Mkalimani wa Habari za Mvua

Hafsa alikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Kilole, pale Korogwe mjini, na kazi ya ukalimani hakuwahi kuiomba. Kilichomponza ni Kiingereza chake, na kwamba alizaliwa Handeni. Deogratius, aliyesoma naye chuo, alikuwa mratibu wa mradi wa habari za mvua ulioendeshwa na Jumuiya ya nchi za ukanda huu. Alimfuata shuleni akamweleza kuwa kuna mgeni anakuja, mkalimani wao kaugua, na mkutano utafanyika kijijini kwao Hafsa, upande wa Sindeni. Akakubali, zaidi kwa hamu ya kumwona mama yake.

Mradi wenyewe aliufahamu vizuri, maana mama yake, Bi Swaumu, hakuchoka kuusifu. Wataalamu wa hali ya hewa wa nchi wanachama walikusanya vipimo vya mvua kutoka vijijini, wakavilinganisha, kisha mkulima akapata ujumbe kwenye simu: panda sasa, au subiri, mvua hii ni ya kudanganya. Kabla ya hapo Bi Swaumu alikuwa akipoteza mbegu za mahindi kwa kuyaamini manyunyu ya kwanza. Tangu ujumbe uanze kuja, hakuwahi tena kwenda kuomba debe la mahindi kwa mtu.

Ila vyombo vya kupimia, pamoja na gharama za kutuma ujumbe, vilitolewa na nchi moja ya kaskazini, mbali kabisa, ambayo haikuwa mwanachama wa Jumuiya wala haikupakana na mwanachama yeyote. Jambo hilo lilimsumbua Bi Swaumu. Yeye alizoea kuwa anayekuchangia kwenye shughuli yako ni ndugu, au jirani, au mtu anayetegemea kwamba kesho nawe utamchangia. Hawa walikuwa akina nani katika hao?

Siku ya safari waliondoka Korogwe asubuhi, Deogratius mbele na dereva, Hafsa na mgeni nyuma. Mgeni aliitwa Liisa, mwanamke wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi. Walipokuwa wakiyapita mashamba ya mkonge alimgeukia Hafsa akamwambia kuwa kilichomleta si kizuri. Bunge la nchi yake lilikuwa limeamua misaada ielekezwe kwingine. Mradi wataubeba hadi masika yaishe, basi. Wakubwa wake walitaka aiandikie Jumuiya tu, lakini yeye aliona haya kuwaaga watu bila kuwatazama usoni.

Hafsa aliitazama shingo ya Deogratius ilivyokakamaa pale mbele, akajua kwamba naye amesikia.

Waliposimama kununua maji, Deogratius alimvuta pembeni. Hakuwa mtu wa hila, na Hafsa alilijua hilo. Alimwomba awaambie watu kwamba mradi unaingia awamu nyingine, asizidishe hapo. Mawaziri wa nchi wanachama walikuwa bado hawajakutana, na huenda wangekubali kuubeba wenyewe. Lakini watu wakisikia leo kuwa umekwisha, wataacha kusoma vipimo, na mawaziri watakapokutana hapatakuwa na kitu cha kuokoa.

"Mgonjwa hazikwi akiwa bado anapumua," alisema. "Nipe muda tu, Hafsa."

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto. Bi Swaumu alikaa mbele. Karibu yake alikaa Mzee Isihaka, ambaye kipimo kimoja kilisimikwa uani kwake, naye alikisoma kila asubuhi baada ya kuswali. Salamu zilipokwisha, Bi Liisa alisimama akasema maneno machache yasiyo na mapambo. Aliwashukuru, akasifu kazi yao, akasema kwamba msaada wa nchi yake utakoma masika yakiisha, na kwamba anasikitika.

Hafsa alimwona Deogratius amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mgeni anawashukuru sana kwa kazi nzuri," alisema. "Anasema baada ya masika mradi utaingia awamu nyingine."

Watu wakapiga makofi. Bi Liisa akawatazama kwa mshangao, kisha akamwinamia Hafsa akamuuliza taratibu amewaambia nini.

Kabla Hafsa hajajibu, mama yake alikwisha kusimama. Alikuwa amemkazia macho tangu mwanzo, kwa jicho lile alilomtazama nalo utotoni alipokuwa amevunja chungu na kukificha nyuma ya nyumba.

"Mwanangu, nimwulizie mgeni," alisema Bi Swaumu. "Wao si wanachama. Walitusaidia kwa nini?"

Swali hilo Hafsa alilifikisha lote. Bi Liisa alifikiri kwanza. Alisema sababu ni nyingi, na si zote za huruma. Nchi yake ni ndogo, ilitafuta marafiki, na ni rahisi kuzungumza na nchi nyingi zikiwa zimekaa meza moja kuliko kubisha hodi mlango kwa mlango. Wataalamu wake nao walivihitaji vipimo vya huku, kwa kuwa mawingu hayana mpaka. Na walikuwapo waliopenda tu kusaidia, yeye mmojawapo.

"Lakini shamba halikuwa letu," alisema. "Tuliwashika mkono, na sasa tunauachia. Hilo nimekwisha kulisema, ila sidhani kama limefika."

Hafsa alitafsiri sentensi baada ya sentensi, mpaka ile ya mwisho.

"Halikufika," alisema. "Nimelizuia mimi. Msaada wa nchi yake unakoma masika yakiisha. Hakuna awamu nyingine, mpaka mawaziri wa nchi zetu wakubaliane, nao hawajakutana."

Sabiri, mkulima wa ufuta aliyekaa nyuma, akasema kwamba kesho atakingʼoa kipimo kilichoko shambani kwake, hawezi kumpimia mvua mtu aliyekwisha kumchoka. Wengine wakaitikia. Lile alilolihofia Deogratius lilikuwa limeanza mbele ya macho yake. Alitoka mlangoni akaja mbele, akasema yeye ndiye aliyemwomba Hafsa afiche, akaeleza sababu zake zote bila kujitetea sana.

Mzee Isihaka akauliza kama vipimo vitarudi kwa wenyewe. Bi Liisa akajibu kuwa vinabaki, ni mali ya Jumuiya.

"Basi mimi nitaendelea kukisoma cha kwangu," alisema mzee. "Muda wote nilidhani nawasomea wao."

Bi Swaumu akataka kujua ni nani kutoka Handeni atakayesikilizwa na hao mawaziri. Deogratius alikiri kwamba hakuna, wakulima hawaitwi. Ndipo ikakubaliwa awarekodi kwa simu yake, kila mtu aseme jinsi ujumbe ulivyomfaa au usivyomfaa. Wengi walisema. Hata Sabiri alisema, kwa hasira, na maneno yake ndiyo yaliyokuwa na nguvu kuliko yote.

Wakati wa kuagana Bi Swaumu alimshika binti yake mkono. "Ukitaka kunificha jambo," alimwambia, "usisimame mbele yangu." Hafsa akacheka. Deogratius hakumsemesha mpaka wakafika Korogwe.

Masika yalipokwisha, ujumbe ukakoma. Vuli iliyofuata watu walipanda kwa kubahatisha. Bi Swaumu aliambulia nusu shamba; Sabiri, aliyekuwa amekingʼoa kipimo chake kweli, hakupata hata mbegu. Hafsa alilibeba hilo moyoni kwa muda mrefu. Kuna siku alijiona ametenda haki, na kuna siku alifikiri kwamba Deogratius angepewa muda aliouomba, huenda vipimo vichache zaidi vingesalimika. Jibu hakulipata, naye aliacha kulitafuta.

Mawaziri walikutana mwishowe, wakakubali kubeba sehemu. Habari za mvua zilirudi, lakini kwa redio, na mara nyingine zilichelewa. Deogratius alimpigia simu kumwambia kuwa sauti za wale wakulima zilisikilizwa kikaoni. Kama zilimgeuza yeyote, hakujua.

Baadaye ikajitokeza nchi nyingine, nayo si mwanachama, ikijitolea kuwafundisha wataalamu vijana wa Jumuiya. Mjumbe wake alifika kijijini, na Hafsa akaitwa tena. Safari hii mjumbe hakumaliza hata salamu. Mzee Isihaka alinyoosha mkono akauliza watakuwa nao mpaka lini, na wakiondoka kazi watamwachia nani.

Mjumbe alisita, akapekua karatasi zake, akautaja mwaka. Akasema kazi itabaki kwa wale vijana watakaokuwa wamefundishwa, wakiajiriwa na nchi zao. Hafsa akayafikisha hayo yote, pamoja na ile "wakiajiriwa".

Bi Swaumu akatikisa kichwa kukubali, akainuka kwenda kuwatengea wageni chakula.