Ukili wa Bi Mwanamkuu

Firdausi alitoka Sofu, Kibaha, na begi kubwa tupu. Alikuwa amekata shauri: leo mama yake asingelala tena peke yake kule Mzenga. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza vidole vya mkono wa kulia, na mwezi mzima, kila alipoulizwa kwa simu, alijibu kwamba anaendelea vizuri. Firdausi hakuamini.

Alimkuta Bi Mwanamkuu barazani, miyaa imemzunguka, anasuka ukili, ule ukanda mrefu wa kushonea mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Begi lote hilo, umefukuzwa na mumeo?"

"Nimekuja kukuchukua. Mkono huo utakupikia nini?"

"Umenipikia kisamvu, kiko jikoni. Kula kwanza, ugomvi baadaye."

Firdausi hakula. Aliushika ukili uliokunjwa kando ya mama yake, akaukunjua sakafuni. Mwanzo wake ulikuwa umepinda na kulegea hata kidole kinapita. Mbele kidogo ulianza kunyooka. Kufikia mwisho ulikuwa umekaza, kingo zimenyooka kama zamani. Mwezi mzima ulikuwa pale, siku baada ya siku, na mama hakuwa amemdanganya.

Firdausi akashusha pumzi.

"Kipande hiki cha mwanzo utakikata?"

"Nikikate kwa nini? Hapo ndipo nitakapokukalisha wewe."

Firdausi alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaenda kupakua kisamvu. Jioni begi lilirudi Sofu limejaa mihogo, na khanga za mama zilibaki kwenye kamba yake.